Mapambo ya Krismasi: Siku ya Kuyatundika na Siku ya Kuyashusha

Kila mwaka, mwezi wa Desemba ukishaingia, mji wa Mbarara hubadilika sura. Maduka hutundika karatasi za rangi na taa ndogo, na kando ya barabara huonekana watu wamebeba matawi mabichi kuyapeleka majumbani. Katika makao ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yapata kilomita 60 kutoka mjini, nyumba za udongo nazo hupambwa, hata kama pambo lenyewe ni ua moja la karatasi juu ya mlango. Hapo ndipo huzuka suala ambalo kila nyumba hulijibu kwa namna yake: mapambo yatundikwe lini, na yashushwe lini?

Huenda askari akajiuliza, jambo hili lanihusu nini mimi niliye kazini? Lamhusu, na si kidogo. Yeye mwenyewe ana mke na watoto katika nyumba za kambini, nao wanapamba. Kadhalika, yeye ndiye apitaye usiku kati ya nyumba za watu wenye desturi mbalimbali, naye hawezi kulinda vema asichokielewa. Isitoshe, tawi lililokauka, likiwa karibu na mshumaa, ni hatari ambayo askari ndiye atakayeitwa kuizima.

Tuanze na desturi yenyewe. Wamisionari wa Kianglikana walifika Uganda mwaka wa 1877, na mapadre wa Kikatoliki wakafuata mwaka wa 1879. Hao walileta sikukuu ya tarehe 25 Desemba pamoja na desturi za makwao. Pango la Noeli, lenye mtoto, mama na wanyama, lina asili katika Italia, ambako Fransisko wa Asizi aliliandaa katika kijiji cha Greccio mwaka wa 1223. Mti wa Krismasi ulitoka kwa Wajerumani, ukaenea Uingereza katika karne ya 19, zama za Malkia Victoria. Kwa kuwa mti wa Wajerumani haupatikani kwetu, watu wa Ankole na kwingineko waliutwaa saipresi, mti ule unaopandwa kuzungushia maboma na shule. Nao pia ni mgeni, kwani asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Basi mgeni alipokelewa na mgeni mwenziwe, na leo hakuna anayeona ugeni wao.

Kuhusu siku, Kanisa lina hesabu yake. Majira ya kungojea Noeli, yaitwayo Majilio, huanza Jumapili inayoangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba. Majilio si sikukuu bado. Ni wakati wa kujitayarisha. Kwa sababu hiyo, wengi walioshika desturi ya zamani hawakupamba mti mpaka mkesha, yaani tarehe 24 Desemba. Furaha haikumalizika siku ya pili yake. Tangu mwaka wa 567, Mtaguso wa Tours katika nchi ya Ufaransa ulikwisha kuzitambua siku zote kutoka Noeli hadi Epifania kuwa siku za sikukuu. Epifania ni tarehe 6 Januari, ukumbusho wa mamajusi waliomfuata nyota. Hizo ndizo siku kumi na mbili zinazotajwa mara nyingi. Katika utaratibu wa Kanisa Katoliki uliowekwa mwaka wa 1969, majira ya Noeli hukoma siku ya Ubatizo wa Bwana, ambayo huwa karibu na Epifania. Zamani wengine waliyaacha mapambo mpaka tarehe 2 Februari, siku ya arobaini baada ya Noeli.

Kwa hiyo mtu anayepamba mkesha na kushusha baada ya Epifania amefuata kalenda ya Kanisa. Ama ile imani ya Waingereza kwamba nyumba inayochelewa kushusha itapatwa na mkosi mwaka mzima, hiyo si mafundisho ya dini. Ni itikadi ya watu tu.

Hesabu ya pili ni ya mfanyabiashara. Yeye hupamba duka mapema, pengine hata Novemba haijaisha, kwa kuwa mapambo humkumbusha mpita njia kwamba siku za kununua zimefika. Hilo si kosa. Kosa ni la mwenye nyumba anayedhani kwamba duka limemwekea sheria. Mshahara wa Desemba ndio huo huo unaotazamiwa kulipa karo ya shule muhula wa kwanza ufunguliwapo. Nyumba inayotumia fedha zake kwa taa na karatasi mwanzoni mwa Desemba hujikuta ikikopa mwezi wa Januari. Na huko Nakivale jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa posho ya chakula itolewayo na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Aprili mwaka wa 2020, na tangu hapo imezidi kubana. Anayepamba huko kwa maua ya kukata mwenyewe na karatasi zilizokwisha tumika hakupungukiwa na sikukuu. Amepima mfuko wake.

Hesabu ya tatu ndiyo inayohitaji masikio ya askari zaidi, nayo ni ya majirani wenye kalenda mbalimbali. Makao ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, yakapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka wa 1959. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 150,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Wakongo huita sikukuu Noeli, na kwao haijatimia mpaka Bonane, yaani Mwaka Mpya, iwe imekwisha kusherehekewa. Wanyarwanda nao wana Noheli na Ubunani. Kwa watu hao kushusha mapambo tarehe 26 Desemba ni sawa na kuondoa sahani mgeni akiwa bado anakula.

Waethiopia na Waeritrea walio Waorthodoksi, kwa upande wao, huadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 7 Januari. Wapo wanaodhani kwamba watu hao wamechelewa. Hawakuchelewa. Kalenda ya zamani ya Warumi, iliyowekwa na Julius Caesar, iliuhesabu mwaka kuwa mrefu kuliko ulivyo kwa dakika kama 11. Dakika hizo zilijikusanya karne baada ya karne, hata mwaka wa 1582 Papa Gregori wa Kumi na Tatu akaamuru siku kumi zirukwe ili hesabu ilingane na jua. Makanisa kadhaa ya Mashariki hayakuifuata amri hiyo, na tofauti imeendelea kukua hadi kufikia siku 13. Hivyo tarehe 25 Desemba ya kalenda ya kale ndiyo tarehe 7 Januari ya kalenda yetu.

Maana yake ni nini kwa askari wa doria? Maana yake ni kwamba tarehe 25 Desemba, wakati jirani Mkongo anachinja kuku, jirani Mwethiopia Mworthodoksi yumo katika mfungo wa siku zaidi ya 40, wala hagusi nyama. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 7 Januari, wakati wengine wamekwisha kushusha kila kitu, yeye atakesha akiimba, amevaa nguo nyeupe, na nyumba yake ina mwanga. Askari asiyejua aweza kudhani kuna mkutano usio halali. Askari ajuaye atatoa salamu na kupita, au atasimama kidogo kuhakikisha kwamba wanaokesha wako salama. Tofauti kati ya askari hao wawili si silaha wala cheo; ni maarifa tu.

Kadhalika, wapo wasiopamba kabisa. Wasomali wa Nakivale ni Waislamu, na sikukuu zao hufuata mwezi. Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi Krismasi. Wengine wana msiba. Mlango usio na pambo si dalili ya uadui, wala haifai mtoto wa jirani amdhihaki mwenziwe kwa sababu hiyo. Askari, ambaye kikosini mwake hulala chumba kimoja na watu wa kila dini, anaweza kuwa mwalimu wa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Tena anayo lugha ya kulifundisha. Kiswahili, kilichokuwa lugha ya vikosi vyetu tangu enzi za King's African Rifles, ndicho pia kinachosemwa na Wakongo wengi wa Nakivale.

Ndugu wasikilizaji, limebaki suala la moto. Katika sehemu za Ankole mvua za vuli hupungua kuelekea mwisho wa Desemba, na kiangazi hushika mwezi wa Januari. Tawi la saipresi lililokatwa likiwa bichi katikati ya Desemba huwa limekauka Januari inapoingia. Majani yake yana mafuta, nayo hushika moto kwa ghafla. Katika nyumba yenye paa la nyasi au turubai, iliyopakana na nyingine kama hiyo, mshumaa mmoja ulioanguka unaweza kuunguza safu nzima. Hapa tawi lenyewe ndilo kalenda. Likianza kupukutika linapoguswa, siku yake ya kutoka nje imefika, hata kama Epifania bado. Karatasi na maua yanaweza kubaki. Tawi kavu lisibaki. Na mshumaa usiwashwe karibu nalo hata siku ya kwanza.

Tena tawi lisikatwe pasipo ruhusa. Ua la shule au la jirani ni mali ya mwenyewe, na anayelikata usiku kwa jina la sikukuu amevunja sheria mchana na usiku. Afadhali mti uliopandwa katika chombo, ambao utapamba mwaka huu, na mwaka ujao pia.

Kwa muhtasari basi, hakuna sheria ya nchi inayopanga siku ya kupamba. Mwenye busara atatundika mapambo juma la mwisho kabla ya sikukuu, ili tawi liwe bichi na mfuko usitoboke. Atayashusha baada ya Epifania, au mapema zaidi tawi likikauka. Na akiwa na jirani anayesherehekea tarehe 7 Januari, hatamcheka, bali atampa mkono wa heri siku hiyo.

Ninyi mlio zamu usiku wa sikukuu, mbali na nyumba zenu, mmefanya wengine wapambe milango yao bila hofu. Watoto wenu wakiwaomba mapambo yangoje mpaka mrudi, yaacheni yangoje. Siku chache za kuchelewa hazina mkosi wowote.