Kompyuta na Maandishi Yetu (5): Ritifaa ya Thiong'o

Tangu mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o afariki dunia huko Marekani, Mei 28, 2025, nimekuwa nikikata taarifa za msiba wake magazetini na kuzipanga mezani. Nyingi zimeacha vijimstari vya juu ya u na i, ambavyo kwa Kikuyu ni sehemu ya herufi yenyewe. Ritifaa ya Thiong'o nayo, huku imesimama wima kama msumari, kule imepinda kama mkia.

Sehemu iliyopita tulimaliza jinsi kisanduku cha kuandikia kwenye skrini kinavyokagua tarehe na kiasi cha fedha. Leo ni zamu ya jina la mtu.

Alama hii ya ritifaa naipenda tangu ujana, na ina historia yake. Mwaka 1926 iliundwa London taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Afrika, ikapendekeza herufi moja, ŋ, kwa sauti inayoanza neno ng'ombe. Waewe wa Ghana na Togo wanaiandika hadi leo, na Luganda iliipokea mwaka 1947. Kiswahili kilibaki na ng'. Ritifaa ilikuwamo katika taipureta ya kila ofisi. Ŋ ilihitaji mashine ya kuagizwa. Kwa hiyo ritifaa yetu si kituo wala pambo. Ni kiungo cha herufi. Iondoe, na ng'oa, yaani kutoa kitu pamoja na mizizi yake, inageuka ngoa, ambayo ni tamaa au wivu.

Mwaka 1963 Wamarekani walipoweka ASCII, orodha inayoipa kila alama ya kompyuta namba yake, ritifaa ilipewa namba 39. Miaka ya 1970, Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM wakabuni lugha ya hifadhidata iliyokuja kuitwa SQL, na humo ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Ukilichomeka jina Thiong'o ndani ya amri hivi hivi, hifadhidata inadhani jina limeishia kwenye g, na ile o inabaki nje bila maana. Wahalifu nao wakajifunza kuandika amri zao baada ya ritifaa.

Dawa yake inajulikana: amri ipelekwe peke yake, na jina lipelekwe pembeni kama data tu. Wasanidi wengi walichagua njia ya mkato. Visual Basic, iliyotoka 1991, iliwawezesha kukagua kila kitufe kinapobonyezwa, nao wakaandika: pokea namba 65 hadi 90 (A hadi Z) na 97 hadi 122 (a hadi z), nyingine futa. Namba 39 inakufa kabla haijafika kwenye skrini. Na kinga yenyewe ni dhaifu, kwani anayebandika jina kwa kipanya habonyezi kitufe cha herufi hata kimoja.

Niliyaona haya dirishani kwenye ofisi moja, nilipomsindikiza mwanafunzi wangu wa zamani kutoka Usukumani. Jina lake linaanza na Ng'wana. Karani alibonyeza ritifaa mara tatu, kisanduku kimya. "Mwalimu, mfumo haukitaki hiki kimkia," akaniambia kwa upole, akaliandika jina bila hicho kimkia. Cheti cha kuzaliwa kinacho. Baadaye kijana alilazimika kwenda kwa wakili kuapa kwamba yeye ni yeye. Jina ni amana ya wazazi, na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta hana haki ya kulipunguza kwa kuwa kazi ya kulilinda imemchosha.

Nafasi imebana, kwa hiyo kwa kifupi: kisanduku cha jina kipokee ritifaa na herufi zote za Unicode, orodha ya namba za herufi za lugha za dunia. Jina lihifadhiwe kama mwenyewe alivyoliandika. Wakati wa kutafuta, ritifaa ya wima, namba 39, na ile iliyopinda, namba 8217, zihesabiwe kuwa alama moja. Wiki ijayo tutaangalia tarakimu ya ukaguzi ya Hans Peter Luhn.