Kupiga Picha Nyika ya Ndabibi Msimu kwa Msimu

Ndabibi ni uwanda mkavu ulio magharibi mwa Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Kaskazini unapakana na mlima wa Eburru unaozidi mita 2,800, magharibi umesimamiwa na ukuta wa Mau, na mashariki, ng'ambo ya ziwa, safu ya Nyandarua imefunga upeo wa macho. Milima hiyo ndiyo inayoukausha uwanda. Upepo wenye unyevu hupanda miteremko ya nje, hupoa, humwaga mvua huko huko juu, kisha hushukia bondeni ukiwa mkavu. Sakafu ya bonde hupata kama milimita 650 za mvua kwa mwaka, ilhali jua na upepo vina uwezo wa kukausha maji zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho.

Hilo halilifanyi eneo hili kuwa jangwa halisi la aina ya Chalbi kule Marsabit. Ni nyika ya vichaka vya leleshwa, nyasi fupi na udongo wa majivu ya volkano. Kwa mpiga picha anayetembea kwa miguu, nyika ya namna hii ina faida ambayo jangwa halina: rangi yake hugeuka mara kadhaa kwa mwaka, na uwanda, msitu, ziwa na korongo vyote viko karibu vya kutosha kurudiwa tena na tena.

Mabadiliko hayo hayatokani na urefu wa mchana. Ndabibi iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na mchana wake hukaribia saa 12 mwaka mzima. Kinachosogea ni saa ya mawio. Afrika Mashariki hufuata wakati uliopimwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, nayo Ndabibi iko karibu na digrii 36, hivyo jua lake huchelewa kwa saa ya ukutani. Mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza kama saa 12 na robo asubuhi. Katikati ya Februari huchomoza kama saa 12 na dakika 45. Anayepanda mlima Februari kwa ratiba ya Novemba hukaa gizani nusu saa nzima.

Jambo la pili ni kasi. Karibu na ikweta jua hupanda takriban wima, digrii 15 kwa saa. Mwanga wa dhahabu, ule mororo unaotoka jua likiwa chini ya digrii sita hivi juu ya upeo, hudumu dakika 24 hadi 26 tu. London mwezi wa Juni mwanga huo hudumu karibu mara mbili ya hapo. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi za mbali na ikweta, na ushauri wao wa kungoja "saa ya dhahabu" bila haraka haufai hapa. Ndabibi mahali pa kusimama huchaguliwa jana yake.

Jambo la tatu, ambalo wengi hulisahau, ni upande. Kuanzia Oktoba hadi Februari jua la adhuhuri huegemea kusini, kwa hiyo mteremko wa Eburru unaoutazama uwanda wa Ndabibi hupata mwanga usoni. Juni jua huegemea kaskazini, na mteremko ule ule hupata mwanga wa kuparaza tu, unaotia vivuli katika kila bonde dogo na kila mkunjo wa lava ya zamani. Picha ya Desemba huonyesha rangi ya mlima. Ya Juni huonyesha umbo lake. Ukuta wa Mau hauna mzozo huo: ni wa asubuhi, maana jioni huwa kivuli kitupu.

Kiangazi cha Januari hadi Machi ndicho kipindi ambacho Ndabibi hufanana zaidi na jangwa. Nyasi hupauka, njia za mifugo huwa unga, na adhuhuri chamchela huinuka uwandani zikibeba vumbi juu kama nguzo. Chembe za vumbi, zikiwa kubwa kuliko molekuli za hewa, hutawanya rangi zote za mwanga karibu sawa, na ndiyo sababu mbingu ya kiangazi huwa nyeupe badala ya bluu. Chembe hizo hutupa mwanga mwingi zaidi mbele kuliko nyuma. Kundi la pundamilia likipigwa picha jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha, vumbi huonekana kama uchafu hafifu. Likipigwa jua likiwa nyuma ya kundi, vumbi lile lile huwaka. Hapa kanuni ya kale ya kulipa jua kisogo ni bora ivunjwe.

Vumbi la Ndabibi lina hatari yake kwa vyombo. Limetokana na majivu na pumisi, na pumisi ni kioo cha volkano kilichojaa mapovu. Kukifuta kwenye lenzi kwa kitambaa kikavu ni kuusugua uso wa lenzi kwa kioo. Vumbi hupulizwa kwanza, kisha husukumwa kwa brashi laini, na kubadilisha lenzi katikati ya uwanda huachwa hadi mtu afike penye kinga ya upepo. Kioo hicho cha volkano kinaonekana pia katika umbo lake jeusi linalong'aa, obsidiani, kwenye njia nyingi za Eburru. Watu wa kale walikichonga zana: eneo la Prospect Farm, kwenye mteremko wa kaskazini wa mlima huo, limetoa zana za Enzi ya Kati ya Mawe. Kipande chake kinapendeza kwa picha ya karibu asubuhi, kisha kiachwe pale kilipo.

Kisumbufu kingine cha kiangazi hakitibiki kwa kamera yoyote. Kufikia saa nne asubuhi ardhi huwa imepasha joto hewa iliyo juu yake, na mapovu ya hewa moto na hewa baridi huupinda mwanga kila moja kwa kiasi chake. Swala aliye mbali huonekana akitikisika, na lenzi ndefu hukuza mtikisiko pamoja na swala. Watu hulaumu lenzi na kununua nyingine ya bei. Tiba ni kusogea karibu au kupiga picha mapema, kabla ardhi haijapata moto.

Kiangazi ndicho pia kinachowaleta wanyama pamoja. Maji ya muda yakikauka, pundamilia, swala na nyati husogea upande wa Ziwa Naivasha, ambako migunga ya magome ya manjano hubaki kijani kwa kuwa mizizi yake imefikia maji ya chini ya ardhi. Gome lenyewe lina klorofili na hujitengenezea chakula, na ndiyo asili ya rangi yake ya ajabu. Leleshwa hutumia mbinu nyingine: upande wa chini wa jani lake umefunikwa na vinyweleo vyeupe vinavyopunguza upotevu wa maji. Upepo ukipiga, kichaka kizima hugeuka fedha kwa sekunde chache. Mwonekano huo unataka uvumilivu na kasi kubwa ya shata. Wapiga picha wengi hupita leleshwa wakitafuta twiga, na hilo ni kosa.

Mvua za masika zinapoanza, kwa kawaida mwishoni mwa Machi au Aprili, hewa husafishwa. Kila tone hushuka na chembe za vumbi, na asubuhi inayofuata mvua kubwa Nyandarua huonekana ng'ambo ya ziwa kwa ukali usiopatikana wakati mwingine. Mvua ya bondeni mara nyingi hunyesha alasiri, baada ya ardhi kupata moto na hewa kupanda, kwa hiyo asubuhi hubaki za kutembea. Alasiri picha nzuri ni ya mvua ya mbali: pazia la kijivu likishuka juu ya sehemu moja ya bonde huku sehemu nyingine iking'ara. Wanyama hawahitaji tena kukaa pamoja, hutawanyika, nao hupatikana wachache wachache katika nyasi ndefu. Badala yake ndege ndio huchukua uwanja. Kwera dume huvaa manyoya ya kung'aa na kufuma viota vinavyoning'inia kwenye matawi, na mtu aliyetulia umbali wa heshima hupata tabia nzima ya ufumaji bila kumsumbua ndege.

Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu. Wengi huziweka kamera kabatini, na hapo hukosa msimu bora wa Msitu wa Eburru. Chini ya wingu mwanga hutoka kila upande na vivuli hulainika. Katika msitu hiyo ni neema. Mfano mzuri ni mbega mweusi na mweupe, anayeishi humo na kwenye migunga ya kando ya ziwa. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Mbega akiijaza picha kwa weusi wake, kamera huongeza mwanga na mkia mweupe hupotea kabisa. Jua kali hulizidisha tatizo hilo, wingu hulipunguza, na kupunguza mwanga kwa mkono humalizia kazi.

Baridi hiyo hiyo huonyesha kitu ambacho joto hukificha. Eburru ni volkano yenye matundu mengi ya mvuke, na wakazi wake kwa miaka mingi wameukinga mvuke huo kwa mabomba ukapoa na kuwa maji ya kunywa. Mvuke wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni matone madogo yanayotokea unapokutana na hewa baridi. Kwa hiyo alfajiri ya Julai mlima hufuka, na adhuhuri ya Februari matundu yale yale huonekana kama yamekufa.

Msitu huo wa takriban kilomita 87 za mraba ulizungushiwa uzio wa umeme uliokamilika mwaka 2014 kwa juhudi za shirika la Rhino Ark na wadau wa serikali. Ndani yake wamo bongo wa milimani, swala adimu sana ambao duniani kote wamebaki porini nchini Kenya tu. Anayetembea kwa miguu karibu hatawaona. Picha zao hupigwa na kamera za kutegwa, ambazo hujiwasha zenyewe kitu chenye joto kinapopita mbele yake. Nyingi hazina uzuri wa kutundikwa ukutani, lakini ndizo zilizothibitisha kwamba wanyama hao bado wapo.

Vuli huanza Oktoba na hurudisha ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia, ambao hukaa hadi Machi au Aprili. Keremkerem hupita kwa makundi, na mbayuwayu hujaa juu ya ziwa. Upande wa kusini-magharibi mwa Naivasha kuna ziwa dogo la Oloidien. Maji yakishuka hutengana na ziwa kubwa, huwa ya magadi, na flamingo huja kula mwani wake. Maji yakipanda maziwa huungana na flamingo huondoka. Kina kilipopanda sana mwaka 2020, migunga mingi ya ufuoni ilifia majini ikabaki imesimama, na minandi wakaigeuza vituo vya kukaushia mabawa.

Mabadiliko hayo ndiyo yanayoipa picha thamani ya kisayansi. Picha iliyopigwa kutoka jiwe moja, kuelekea upande mmoja, kwa lenzi moja, kila msimu, huonyesha mstari wa maji, ukingo wa msitu na upana wa mmomonyoko vizuri kuliko maelezo ya mdomo. Picha ya ubavu wa pundamilia nayo ni kitambulisho, kwa sababu hakuna wawili wenye milia sawa. Januari 2016 mamia ya wananchi na wageni walizunguka kaskazini mwa Kenya wakipiga picha za pundamilia wa Grevy, na kompyuta ikazitumia kukadiria idadi yao. Kwa ndege, mradi wa Kenya Bird Map hupokea kumbukumbu za yeyote anayejua kutambua aina. Kwa wanyama adimu tahadhari ni moja: data ya mahali iliyofichwa ndani ya faili ya picha ifutwe kabla ya kuisambaza, maana majangili nao husoma.

Kutembea huku kuna masharti yake. Viboko hutoka majini usiku kulisha na hurudi alfajiri, saa ile ile ya mwanga mzuri. Nyati hulala katika leleshwa. Msitu wa Eburru huingiwa kwa ruhusa ya Huduma ya Misitu, mbuga ya Hell's Gate kwa ya Huduma ya Wanyamapori, na droni hairushwi mbugani bila kibali. Kuhusu korongo la Ol Njorowa ndani ya mbuga hiyo, lililochongwa na maji yaliyofurika kutoka Naivasha ya kale, hakuna picha inayostahili kuteremkia humo wingu likiwa limetanda milimani. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo Aprili 2012, na tena Septemba 2019. Mvua inayoleta maji hayo si lazima inyeshe juu ya korongo lenyewe: neno la mwongozaji wa mbuga kuhusu hali ya hewa lisikilizwe kabla ya kushuka, na akisema leo hapana, siku ya picha hiyo ni nyingine.