Herufi za 3D: ordinateri haijue jua iko upande gani

Majuma matatu mbele ya masomo kufunguliwa, mama mmoja mshonaji wa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, alifika kwenye atelie yetu. Alitaka bashi ya mita 3 kwa mita 1 ya kutundika juu ya mlango wake. Wakati ule ndio wazazi wanatafuta mtu wa kushonea watoto nguo za shule, mashati meupe na sketi za buluu, na mshonaji anayekosa ule mwezi amekosa mwaka. Alituambia tu: « Muniandikie herufi zenye kutoka inje, sawa zile za ku banki. » Tulielewa. Alitaka herufi za 3D.

Tuliifanya kazi usiku mmoja, umeme ukiwapo. Jina lake tulilipa rangi ya dhahabu, unene kama wa tofali, vivuli, na kimulimuli kwenye kila pembe. Hata namba ya telefone tuliipa unene uleule. Kwenye ekrani ilipendeza sana, tukajisifu wenyewe. Siku nne kisha, mama akarudi. Hakukasirika, na ile ndiyo ilituuma zaidi. « Batoto yangu, kibao iko muzuri, lakini namba haisomeke. Batu banaita muntu ingine. »

Tulikwenda kuiangalia tukiwa ngambo ya barabara. Ni kweli: 3 ilikuwa imegeuka 8. Unene wa rangi ya kahawia uliokuwa unashukia kushoto ulijaza zile nafasi mbili za wazi za 3, na kwa mtu anayepita juu ya moto, tarakimu zote mbili zilikuwa kitu kimoja.

Tulipeleka aibu yetu kwa Papa aliyetufundisha kazi, fundi wa vibao tangu wakati wa brashi na rangi ya mafuta. Watu wanadhani 3D ilikuja na ordinateri. Hapana. Kuta za maduka na za baa katika miji yetu zilikuwa na herufi zenye unene miaka mingi mbele ya mtu yeyote kushika suri. Ni kazi iliyolea watu wakubwa: Chéri Samba, ambaye picha zake leo zinaonyeshwa katika miji mikubwa ya Ulaya, alijifunza kwa waandika-vibao wa Kinshasa kabla ya kufungua atelie yake mwaka 1975, na mpaka leo maneno hayatoki katika picha zake.

Papa aliangalia picha ya bashi katika telefone, akauliza neno moja: « Jua iko wapi apa? » Tulinyamaza. « Jua iko moja tu. Weye umetia tatu. »

Alikuwa na haki. Katika Photoshop, kila pambo la herufi linaweza kuwa na mwanga wake: pambo la pembe linaangaziwa kutoka kushoto, kivuli kinaangukia kushoto vilevile, uso wa herufi unang'aa chini. Kuna kisanduku kidogo kinachoitwa « Utiliser l'éclairage global » cha kufanya mapambo yote yafuate mwanga mmoja, na sisi hatukukijali. Jicho la mpita-njia halijui kueleza kosa, lakini linachoka na kuendelea mbele.

Tulianza upya, na safari hii tulifanya kama Papa alivyokuwa akifanya ukutani, ila kwa suri. Njia hii inakubali katika Inkscape, Illustrator au CorelDRAW.

Kwanza unaandika neno kwa herufi nene zisizo na vijimkia, halafu unazitenganisha kidogo, juu ya kwamba unene utahitaji nafasi ya kukaa. Unasoma jina mara mbili, unamsomesha na mwenye kibao. Kisha unageuza maandishi kuwa michoro (katika Inkscape ni « Objet en chemin »), na kuanzia hapo ordinateri haioni tena neno, inaona maumbo tu; kosa la jina halitengenezeki tena kwa kupiga herufi. Kwa hiyo tunza kopi ya kwanza pembeni. Unafanya kopi ya umbo, unaisukuma chini na kushoto, unaipeleka nyuma, unaipa rangi nzito zaidi, halafu unaunganisha pembe za umbo la mbele na za nyuma. Kama mwanga unatoka juu kulia, mbavu za chini zinakuwa nyeusi kupita zile za kushoto. Rangi tatu tu, ya uso, ya ubavu na ya chini, na neno limekwisha kutoka ndani ya bashi.

Ni kweli, Illustrator inaweza kufanya yote hayo peke yake kwa « Extrusion et biseautage ». Blender nayo: unaandika neno, unaongeza namba ya unene na ya pembe, unaweka taa moja. Lakini Blender inataka mashine yenye nguvu, na Illustrator tangu 2013 inauzwa kwa kulipia kila mwezi, jambo gumu kwa atelie inayolipwa kwa franka za leo kwa leo. Inkscape na Blender ni za bure, bila kuiba. Sisi tunashauri wanafunzi waanze kuunganisha pembe kwa mkono kwanza. Inachosha, tunakubali, lakini ndiyo inafundisha 3 inafungwa na nini.

Kosa la pili lilikuwa limejificha chini ya la kwanza. Picha yetu ilikuwa na nukta 1200 kwa upana. Ukiitandaza juu ya mita 3, unabakia na nukta 4 katika kila santimetri, na pembe zote za dhahabu zinakuwa ukungu. Michoro ya Inkscape haina ugonjwa huo: inakuzwa mpaka ukubwa wa nyumba na pembe inabaki pembe. Vilevile ile buluu ya kuwaka ya ekrani haitoki katika wino wa mashine; omba kipande cha majaribio mbele ya kuchapa yote.

Kuhusu kimo, mafundi wa vibao wana kipimo cha zamani: santimetri 2,5 za herufi kwa kila mita 3 za umbali. Mtu aliye mita 24 anahitaji herufi za santimetri 20. Na wanaoandika Kifaransa wasisahau kofia na vipande vya juu vya herufi kubwa: É yenye unene inapanda na kugonga mstari ulio juu yake, tumeona « ÉLECTRICITÉ » inayofanana na ua wa miiba.

Bashi ya pili tuliilipa wenyewe. Jina pekee ndilo lilibaki na unene, theluthi moja ya upana wa mguu wa herufi, si zaidi. Namba tuliiweka bapa, nyeusi juu ya manjano, kimo santimetri 20. Ilitundikwa siku tisa mbele ya masomo. Mama anasema telefone iliita, ingawa wazazi wa mwanzo walikuwa wamekwisha kwenda kwa wengine. Ile ya kwanza aliomba abaki nayo. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipofika, tuliikuta inafunika mashine yake ya kushonea, dhahabu ikiangalia chini.