Kuvua Tanga kwa Mgeni Aliyezoea Ziwa

Mkazi aliyezoea kuvua Ziwa Victoria, akienda Tanga kwa likizo na kutamani kutupa ndoana baharini, atakutana na jambo ambalo ziwa halikumfunza: maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kina huzidi mita 3. Mashua iliyopita juu ya mwamba asubuhi huweza kukwama papo hapo hadi maji yarudi, na kati ya miamba mkondo hukimbia kwa nguvu inayomshinda mpiga kasia. Ndiyo maana saa ya kutoka huamuliwa na maji.

Upepo nao una majira yake. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba na kuichafua bahari. Kaskazi, Desemba hadi Machi, huwa na unafuu. Nahodha mwenyeji akisema leo hakuendeki, asishawishiwe kwa fedha.

Kabla ya kukodi chombo, mgeni afike kwa afisa uvuvi wa jiji kuulizia leseni, kwani hata uvuvi wa burudani unaihitaji. Aulize pia mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009, yenye taratibu zake. Mwaloni, viongozi wa BMU wanaweza kumwelekeza kwenye chombo kilichosajiliwa. Malipo yafanyike baada ya kuona jaketi okozi, moja kwa kila abiria.