Ordinateri za zamani: tuzitupe ao tuzitunze?



Wengi wanatuuliza: zile ordinateri za zamani za chumba cha informatike, zenye memwari ya giga 1 tu, tuzitupe? Sisi tunasema: bado. Shida si masini, ni mzigo tunaoibebesha.

Memwari ni kama meza ya kazi, diski ni kabati. Meza ikijaa, masini inaanza kupeleka vitu kabatini na kuvirudisha, na wewe unakaa unangoja mpaka umeme unakatika.

Unix ilizaliwa Marekani mwaka 1969. Masini yake ya PDP-11 ilikuwa na kilo 24 za memwari: 16 za sistemu, 8 za kazi ya watu. Madirisha na picha hakuna. Leo ukoo wake wa bure ni mkubwa. FreeBSD na NetBSD, za mwaka 1993, ni watoto wa damu. Linux, iliyoanzwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, iliandikwa upya kwa kufuata mfano wake.

Wenzetu wanabishana juu ya jina: Linux ao BSD? Kwetu ni kelele tu. Kinachokula memwari zaidi ni madirisha. Tazameni Debian 12 ya mwaka 2023: bila madirisha inakubali mega 256, ukiyaweka, inaomba giga 1, na wenyewe wanashauri 2. Na ni sistemu ile ile! Ubuntu 22.04 (jina zuri, maana yake utu) inaomba giga 4. Hiyo tuiache. Tiny Core inaanza na mega 46, tena iko na madirisha yake madogo.

Sasa, muangalie navigateri. Ukurasa mmoja wa video unaweza kula kuliko sistemu nzima, na hapo hata sistemu nyepesi haisaidie kitu. Basi masini za giga 1 zibaki za kuandika, kuhesabu na kujifunza programu. Intaneti iende kwa zile kubwa.

Jambo moja tena: Debian 13 ya mwaka 2025 haiwekwi tena katika masini za biti 32. Kwa hizo, NetBSD bado inakubali.

Mwenye kutaka kupima, kama masini iko na Linux, aandike free -m, kisha asome mstari wa Mem. Namba ya mwisho ndiyo mega zilizobaki kwa kazi. Afungue navigateri, aandike tena, alinganishe.