Deni la Unga na Sukari

Sala ya jeneza ikishakwisha, kabla watu hawajajitwika jeneza kuelekea Kikowani, mtu wa karibu wa marehemu husimama mbele ya safu akatoa tangazo ambalo sote twalijua: mwenye kumdai marehemu na awaone jamaa zake. Ni ada njema, nayo ina asili. Imepokewa ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa maiti aliyekuwa na deni la dinari mbili au tatu, kwa hitilafu ya mapokezi, akajizuia kumsalia hadi Abu Qatada alipolichukua deni lile shingoni mwake.

Dinari mbili au tatu si deni la mtu aliyenunua meli. Ni deni la mtu wa kawaida, na ndilo tutakalo kulizungumza na mama zetu na ndugu zetu wiki hii: deni dogo la nyumbani, la unga na sukari, ambalo hakuna alihesabuye mpaka siku ya tangazo.

Katika fiqhi yetu mali ya marehemu haigawanywi kabla ya kutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Kinachobaki ndicho cha warithi. Basi mke asiyejua mumewe anadaiwa nini, hajui pia yeye na wanawe watarithi nini.

Tuliwahi kuitwa katika nyumba moja hapa Mji wa Kale tusaidie kugawa mirathi. Marehemu hakuacha mengi: chumba cha chini kilichopangishwa, pikipiki na fedha kidogo. Siku ya nne akaja mwenye duka wa mtaa, kwa adabu zote, akiwa na daftari lake. Jumla ilikuwa shilingi 46,300. Maziwa, unga wa ngano, mafuta, sabuni, majani ya chai, ukurasa baada ya ukurasa. Wana wakasema baba yao alikuwa akilipa kila mwisho wa mwezi. Mwenye duka akasema kweli alilipa, lakini si yote. Kila upande ulisema ulijualo, na hapo ndipo palipokuwa na uzito, kwani mwongo kuna namna ya kumhukumu, lakini wakweli wawili wasio na maandishi humchosha hata kadhi.

Kilichotuokoa ni simu ya mjane. Marehemu alipokuwa kazini, mara nyingi ni mkewe aliyelipa kwa M-Pesa, na ujumbe wa malipo hakuwa akiufuta. Tukakaa usiku wa kwanza na wa pili baada ya Isha, simu upande huu na daftari upande ule, tukilinganisha tarehe. Ikadhihirika kuwa malipo kadhaa yalitumwa kwenye simu ya kijana wa dukani, naye hakuyanakili. Deni likateremka hadi 27,500. Warithi wakalilipa kwa kodi ya chumba cha chini, 5,500 kila mwezi kwa miezi mitano, ndipo mirathi ikagawanywa. Shilingi 18,800 zilikuwa karibu kutoka mikononi mwa mayatima, na hapakuwa na mwizi.

Aya ya deni, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Wengi huikumbuka kwa agizo la kuandika. Wachache huangalia ni nani anayeagizwa kumtamkia mwandishi maneno ya kuandikwa: ni yule mwenye kudaiwa. Anayekopa ndiye aseme kwa ulimi wake mwenyewe, nimechukua kadhaa, nitalipa siku fulani. Aya hiyo hiyo yatutaka tusichoke kuliandika deni, dogo au kubwa, pamoja na muda wake.

Sasa tutazame dukani kwetu, iwe Kibokoni, Kuze au Bondeni. Mtoto wa miaka tisa hutumwa mbio, afika akihema, asema, “Mama asema uandike.” Mwenye duka aandika, mtoto aondoka na pakiti ya maziwa, na pengine na peremende aliyojiongezea. Mwenye kudaiwa hakutamka, hakuona, hakusoma, na muda wa kulipa hakuna aliyeutaja. Twajua kuwa jamhuri ya wanavyuoni waliliona agizo la kuandika kuwa ni la kupendekezwa, si la wajibu, na uaminifu kati ya jirani na jirani ni neema kubwa. Lakini jambo lililowekewa aya ndefu kuliko zote halistahili kupuuzwa kwa sababu tu ni maziwa.

Dawa yake ni nyepesi. Daftari la skuli la kurasa 48 latosha. Mtoto atumwapo alichukue, mwenye duka aandike katika lake na katika hilo, na usiku mama au baba alipitie. Mwenye duka mwema hatachukia, kwani lamlinda yeye pia. Na katika kurasa za nyuma iandikwe orodha ya pili: tunaodaiwa sisi na watu wengine, na tunaowadai, kwa majina na tarehe. Orodha hiyo wanandoa wote wawili waijue ilipo.

Daftari kama hilo likitimiza mwezi mmoja huanza kuonyesha mambo ambayo nyumba haikuyadhania. Tuseme asubuhi ni mahamri na mbaazi za kununua, za shilingi 150. Kwa siku 30 ni 4,500, na kwa mwaka ni 54,000. Hatusemi watu wasinunue. Mama yule mwenye karai mlangoni naye ana watoto, na mahamri yake huenda yakawa bora kuliko ya nyumbani. Twasema nyumba ijue kuwa yatoa 54,000, ichague kwa macho.

Kuna jambo moja ambalo wahubiri wa kubana matumizi hulisahau, nasi twalisikia kwa masikitiko linaposemwa kwa kejeli. Maskini huambiwa ni mpotevu kwa sababu anunua mafuta ya kupima na sukari ya robo, ilhali kwa jumla ni rahisi. Kibarua alipwaye kwa siku hana za kununua dumu zima. Angekuwa nazo asingengoja kuambiwa. Njia yake si lawama, ni majirani. Katika nyumba zetu za ghorofa za Mji wa Kale, ambamo ngazi moja hupandwa na jamaa nne au tano, watu watano wakichangia gunia la mchele la kilo 50, kila mmoja apata kilo 10 kwa bei ya jumla. Mizani iazimwe, kila mtu apimiwe mbele ya mwenziwe. Wapo wafanyao hivi kila mwezi, na hatujasikia wakigombana ila juu ya nani abaki na gunia tupu.

Yamgusa mama mwenye nyumba moja kwa moja kisa cha Hind bint Utba. Alimwendea Mtume akalalamika kuwa mumewe, Abu Sufyan, ni mzito wa mkono, hampi yeye na mwanawe cha kuwatosha. Akaruhusiwa achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na mwanawe, kwa wema. Watu hukishika kisa hiki kwa upande autakao kila mmoja. Sisi twaona kina pande mbili. Kutosha ni haki ya mke, na mume afichaye mshahara wake kisha akalaumu matumizi hana hoja. Na neno wema ni mpaka. Halikuingiza sare ya kila arusi.

Tukishataja sare, tuseme kidogo. Shawwal ikiingia arusi huwa nyingi, na kila moja ina siku zake na nguo zake. Pea ya leso iliyonunuliwa Biashara Street si ghali ikiwa moja. Mama mwenye arusi nne, kila moja ikitaka leso na nguo ya kushonesha, huzimaliza fedha alizozipata kwa kuuza kaimati Ramadhani nzima. Bibi arusi mwenyewe, tukimuuliza faraghani, angependelea mwenziwe aje na nguo aliyonayo kuliko aje akiwa na deni. Atakayeanza kuja na leso ya mwaka jana atasemwa wiki moja, kisha atafuatwa.

Tuje kwenye deni ambalo haliji msikitini. M-Shwari ilipoanzishwa, mwezi Novemba 2012, mkopo wake ulikuwa wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Anayekopa 3,000 hurejesha 3,225, na 225 huonekana si kitu. Lakini mkopo wa unga haukopwi mara moja. Akirudia kila mwezi kwa mwaka mzima atakuwa ametoa 2,700 za ada, karibu sawa na 3,000 zile zile ambazo kila mwezi azilipa na kuzikopa tena. Tangu hapo mikopo ya simu imezidi kuwa mingi, mingine yenye ada ya kila siku. Kuiita ada hakuibadilishi hali: nyongeza juu ya mkopo, iliyoshurutishwa, yenye kufuata kiasi cha mkopo, kwetu sisi ni riba. Na ina sitara mbaya. Deni la dukani lajulikana na mtaa, aibu yake humzuia mtu kidogo. La simu hakuna alionaye. Mume afapo, nambari ya siri afa nayo, na mjane hajui kama laini ile ina deni.

Ndugu watatuuliza, basi twende wapi? Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina benki zilizoanzishwa juu ya misingi ya sheria ya Kiislamu, Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo sasa yaitwa Premier Bank. Zina kazi yake, lakini hakuna benki ya kumwendea mtu saa moja usiku kwa shilingi 500 za unga. Kwa haja hiyo mama zetu wana chombo cha zamani zaidi, nacho ni mchezo.

Wapo wanaoutilia shaka wakidhani ni jambo jipya lisilo na neno katika vitabu. Al-Qalyubi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1069 Hijria, alitaja katika hashia yake desturi mashuhuri baina ya wanawake ya kuchanga kiasi maalumu kila Ijumaa au kila mwezi na kumpa mmoja baada ya mwingine mpaka wote wapate, akanukuu kuwa Waliyyuddin al-Iraqi aliijuzisha. Ni mkopo mwema wa kupokezana, usio na nyongeza. Hivyo msimamizi asijikatie fungu katika fedha za wenziwe kwa jina la zawadi, wala zamu ya mbele isiuzwe.

Hatari yake ni moja, na wote waijua: apataye zamu ya kwanza kisha akahama mtaa. Kwa hiyo mchezo nao uandikwe, majina, zamu na tarehe, kila mmoja awe na nakala, na mwenye zamu ya mbele awe na mdhamini. Wanawake kumi wakichanga 2,000 kuanzia Muharram, kila mmoja hupokea 20,000 kwa mwezi wake. Zamu ya nane ni ya Shaabani, kabla bei za Marikiti hazijapanda kwa ajili ya Ramadhani. Hiyo ndiyo igombaniwayo, na mwenye kuitaka aiombe kabla mwaka haujaingia.