Mgonjwa Asilale Upande Mmoja

Mkija kumwona mgonjwa wodini mnaleta uji, matunda na sabuni. Vizuri. Lakini mgonjwa asiyeweza kujigeuza, kama aliyepooza, anahitaji zaidi mikono yenu.

Akilala namna moja muda mrefu, ngozi hubanwa katikati ya mfupa na godoro, damu isipite, nayo hufa. Kidonda hutokea juu ya matako, nyongani au visiginoni, na chaweza kufika mfupani. Nimewaona waliopona ugonjwa uliowaleta, wakabaki wodini miezi kwa ajili ya kidonda tu.

Muulizeni muuguzi namna ya kumgeuza, kwa kawaida kila saa 2, usiku pia. Aliyevunjika shingo, mgongo au nyonga msimgeuze bila sisi. Mwinueni wawili, msimburute, maana kuburuta huchubua ngozi. Kunjeni kanga, muiweke chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Nyosheni shuka na kung'uta makombo ya mkate (hayo humtesa kuliko mnavyodhani). Akijikojolea, aoshwe na kukaushwa mara moja.

Kila mkimgeuza, tazameni ngozi. Kwetu sisi weusi wekundu hauonekani upesi, basi guseni: penye joto, pagumu au panapouma kuliko pengine, pameanza kuharibika. Msipasugue kwa mafuta, ingawa zamani ilikuwa desturi hata hospitalini. Mwiteni muuguzi saa ile ile.